Kofia, Kizimba, Kioo au Reli: Kuchagua Taa ya Dari ya Kiwandani kwa Sebule

Taa ya dari tunapoinunua huwa imezimwa, au inawaka katikati ya taa nyingine nyingi kiasi kwamba huwezi kujua mwanga upi ni wake. Ndiyo maana wengi wetu huishia kuchagua chuma badala ya mwanga. Hata mimi nilinunua taa ya kofia kubwa, yaani yenye kifuniko cha chuma kinachoifunika balbu kama kofia, nyeusi nje na nyeusi ndani, nikaitundika katikati ya sebule juu ya meza ndogo. Mchana ilipendeza mno. Usiku ulipoingia, meza iling'aa kama jukwaa, lakini nyuso za waliokaa kwenye makochi zilikuwa gizani na dari nzima ilikuwa imetoweka. Tuliongea tukiwa hatuonani vizuri. Nilikaa nayo miezi kadhaa kabla sijakubali kwamba kosa lilikuwa la uchaguzi wangu, wala si la balbu.

Kwa hiyo ninapolinganisha taa hizi za mtindo wa kiwandani, naanza na jambo moja: mwanga unatokea wapi na unaishia wapi. Rangi ya chuma, minyororo na kutu ya kupakwa vinafuata baadaye.

Zilikotoka

Kofia za chuma zilitengenezwa kwa ajili ya karakana, maghala na viwanda, mahali penye dari ya mita tano, sita au zaidi. Mfanyakazi alikuwa amesimama, macho ameyaelekeza chini kwenye mashine au meza ya kazi. Kofia ilizuia mwanga usipotelee juu kwenye mapaa na kuusukuma wote chini, kwenye mikono yake. Bati lake lilipakwa enameli, yaani unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi, kwa sababu haishiki kutu na uchafu wake unatoka kwa kitambaa chenye maji. Kizimba cha waya nacho kiliwekwa ili balbu isivunjwe na ngazi au mbao inayopitishwa begani. Kila kipande kilikuwa na kazi yake.

Mtindo huu ulipata umaarufu majumbani baada ya wasanii kuanza kuishi kwenye majengo ya viwanda yaliyoachwa, hasa mtaa wa SoHo jijini New York kuanzia miaka ya 1960. Mwaka 1971 jiji lilibadili kanuni zake ili wasanii waweze kuishi pale kihalali. Lakini wale waliishi na taa hizo chini ya dari zile zile ndefu, pembeni mwa madirisha yale yale makubwa. Sisi tunaichukua taa hiyo hiyo tunaileta chini ya dari ya mita 2.5, kwenye chumba ambacho watu wamekaa, wanatazamana, na macho yao yanaikuta taa kwa mshazari. Hapo ndipo aina moja inapoachana na nyingine.

Kofia ya chuma

Hii ndiyo inayonunuliwa zaidi, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Mambo mawili yanaamua kama itakufaa, na yote mawili yako ndani yake, si nje.

La kwanza ni rangi ya ndani. Enameli nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoigonga, wakati rangi nyeusi isiyong'aa humeza karibu wote. Kofia mbili zinaweza kufanana kabisa ukizitazama kwa nje, zikatoka karakana moja, na bado moja ikatoa mwanga mwingi zaidi ya mwenzake kwa balbu ile ile. Iinue taa uitazame mdomoni. Ukikuta weusi, fahamu kwamba kinachofika chini ni kile tu kinachotoka moja kwa moja kwenye balbu. Ukikuta rangi ya dhahabu au shaba, mwanga utatoka ukiwa wa manjano zaidi, jambo linalopendeza kwenye mbao na ngozi lakini linaloifanya rangi ya buluu ionekane imefifia.

La pili ni kina cha balbu. Tuchukue kofia yenye upana wa sentimita 40, ukingo wake ukiwa mita 2.1 kutoka sakafuni. Mtu akikaa kwenye kochi, macho yake huwa kwenye kimo cha mita 1.15 hivi. Kama balbu imezama sentimita 10 tu ndani ya ukingo, mtu huyo ataiona balbu tupu, na itamchoma macho, mpaka akae mbali na taa kiasi cha mita 2.1. Balbu ikizama sentimita 20, umbali huo unashuka hadi mita 1.15, na wengi waliokaa pembeni watakuwa salama.

Basi ungedhani kofia ya kina kirefu ndiyo bora. Sasa utazame ukuta. Ukuta ulio mita 2 kutoka kwenye ile taa ya kina kifupi utaangazwa kuanzia chini hadi kimo cha mita 1.2, halafu kivuli. Kwenye ile ya kina kirefu, mwanga wa moja kwa moja unaufikia ukuta kwa sentimita 30 tu kutoka sakafuni. Picha ulizotundika, rafu ya vitabu, pazia, vyote vinabaki kivulini. Unachokipata machoni unakitoa ukutani, na hakuna kofia isiyo na tundu itakayokupa vyote viwili. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu kofia za chuma, na sijawahi kuliona likiandikwa kwenye boksi.

Ndiyo maana, kama moyo wako umeshaangukia kofia, natafuta kwa ajili yako ile yenye matundu au nyufa juu, karibu na shingo. Baadhi ya kofia za viwandani zilikuwa nazo, ili mwanga kidogo upande juu na hewa ya moto ipate pa kutokea. Mwanga huo mdogo unaofika darini unakiondolea chumba ile hali ya pango. Au kubali kwamba kofia itakuwa taa ya mezani tu, iliyoning'inia juu ya meza, na sebule yenyewe uipatie mwanga wa pili: taa ya kusimama pembeni, au taa za ukutani zinazomulika juu. Katika mpango huo kofia ni nzuri sana. Meza inapata duara safi la mwanga, na waliokaa wanaonekana kwa mwanga wa pembeni.

Kizimba cha waya

Kizimba hakina kinachouzuia mwanga, kwa hiyo unaenda kila upande: dari, kuta, sakafu. Ukilinganisha na kofia, hapa huna tatizo la pango. Tatizo ni vivuli.

Usiku wa kwanza utakaoiwasha taa ya kizimba yenye balbu ya kioo angavu, tazama ukuta wa mbali. Utaona fito za kizimba zimechorwa pale, nene kuliko zenyewe, zikikatiza mlango na picha. Dirisha likiwa wazi na upepo ukiitikisa taa kidogo, mistari ile inatembea ukutani, inakuja na kurudi. Kuna wanaoipenda picha hiyo kwa dakika kumi. Kuishi nayo kila jioni unaposoma au unapoongea na mgeni kunachosha, na aliyekaa karibu na ukuta ule huwa na mstari wa kivuli usoni.

Dawa ipo: balbu ya kioo cha ukungu, na iwe kubwa, kama mpira wa sentimita 9 au 12. Chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa, kivuli cha fito nyembamba kinayeyuka kabla hakijafika ukutani. Hakikisha tu balbu inapita kwenye mlango wa kizimba, kwa sababu vizimba vingi vina mdomo mdogo. Na bado utakuwa na kazi ya vumbi. Kofia unaifuta kwa mikono miwili mara moja, ila kizimba unakifuta ufito kwa ufito, huku umesimama kwenye ngazi.

Kwa maoni yangu, kizimba kimoja kikubwa katikati ya sebule hakifai kuwa taa kuu. Vidogo viwili au vitatu kwenye kona, juu ya meza ya pembeni au pale sebule inapoingia korido, vinakaa vizuri.

Kioo cha mifereji

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na nasikitika kwamba watu hukipita wakikimbilia chuma.

Mwaka 1893 mhandisi Mfaransa André Blondel na mwenzake Mgiriki Spiridion Psaroudaki walisajili hataza ya kifuniko cha kioo chenye mifereji midogo, ndani na nje. Mifereji ile huvunja mwanga na kuupinda: kiasi kwenda chini, kiasi kwenda pembeni, kiasi kupanda juu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa taa za jina la Holophane, ambazo baadaye zilitumika sana viwandani na shuleni. Tofauti na chuma, kioo hakikulazimishi kuchagua kati ya meza na dari. Na tofauti na kizimba, huoni waya wa balbu ukikuchoma, unaona kioo chote kimejaa mwanga.

Kikubwa zaidi kwa nyumba zetu, taa ya kioo inaweza kukaa karibu kabisa na dari, ikiwa na shingo fupi ya sentimita 10 au 15, na bado ikagawa mwanga vizuri. Kofia ya chuma ukiibana darini hivyo, inapoteza maana yake. Kwa dari ya mita 2.4 au 2.5, mahali ambapo mtu mrefu angegonga kichwa kwenye taa ya kuning'inia, sioni mpinzani wa kioo cha mifereji chenye kikombe cha chuma cheusi au shaba juu. Kina sura ya kiwandani bila kuibana sebule.

Usikichanganye na kioo angavu kitupu, kile kinachofanana na chupa au mtungi. Hicho hakipindi chochote, ni sawa na balbu tupu iliyovishwa koti linaloonyesha kila alama ya kidole. Na usikichanganye na taa za melini, zile nzito zenye kioo kinene, mpira wa kuzuia maji na kizimba juu yake. Zilitengenezwa kwa ajili ya mvua na mawimbi, na zikifungwa hazipitishi hewa. Balbu ya LED ina sakiti ndogo shingoni mwake ambayo haipendi joto. Ikifungiwa humo bila balbu kuandikwa kwamba inafaa taa zilizofungwa, itakufa mapema. Sebuleni hakuna mvua, kwa hiyo huna sababu ya kulipia kinga hiyo kwa uhai wa balbu.

Dosari za kioo ni uzito na mifereji yenyewe, ambayo hukusanya vumbi. Lakini kinashushwa, kinaoshwa kwa maji ya sabuni, kinakaushwa na kurudishwa.

Reli yenye taa za kumulika

Reli ni fimbo ya chuma inayopita umeme ndani yake, na vichwa vya taa unavisogeza na kuvigeuza utakavyo. Wengi huidharau kwa sababu inawakumbusha maduka. Mimi naitetea kwa sebule ndefu na nyembamba, au ile yenye kochi upande mmoja na meza ya kulia upande mwingine. Hakuna taa moja ya katikati inayoweza kuhudumia chumba cha mita 3 kwa 7. Reli inaweza.

Siri yake ni kutovielekeza vichwa chini. Vielekeze ukutani, kwenye pazia, kwenye rafu. Ukuta ukiwa na mwanga, chumba kinaonekana kipana na nyuso zinapata mwanga laini unaorudi. Ukivielekeza chini kwenye makochi, kila mtu atapata kivuli cha paji la uso machoni. Soma pia upana wa mwale kwenye boksi: nyuzi 24 ni kwa picha moja, nyuzi 36 kwa rafu, nyuzi 60 kwa ukuta mzima. Na uulize kama reli ni ya mzunguko mmoja au mitatu, kwa sababu vichwa vya moja mara nyingi haviingii kwenye nyingine, na ile ya mzunguko mmoja itawasha vichwa vyote kwa swichi moja.

Kuhusu taa za mabomba na zile za buibui zenye mikono sita au minane na balbu tupu, nasema kwa ufupi: zinasumbua macho kwa kuzidisha balbu tupu mara sita. Zikiwekwa kwenye dari ndefu, kwa balbu za ukungu na dima (swichi ya kupunguza mwanga), zinavumilika. Chini ya mita 2.7 ningeziacha.

Balbu, mahali ambapo wengi huanguka

Zile balbu za kahawia zenye nyuzi zinazoonekana zinaiga balbu za kaboni za enzi za Edison, aliyeonyesha balbu yake mwaka 1879. Siku hizi karibu zote ni LED. Rangi ya mwanga wake, inayopimwa kwa kelvini, ni 1800 hadi 2200, rangi ya moto unaokaribia kuwa makaa. Ni nzuri, lakini kile kioo cha kahawia kinakula mwanga. Balbu moja ya namna hiyo ya wati 4 mara nyingi hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 300 hivi, wakati LED ya kawaida ya wati 7 yenye kioo angavu inaweza kutoa lumeni 806, sawa na balbu ya zamani ya wati 60.

Sasa piga hesabu. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Kwa mwanga wa kawaida wa kukaa na kuongea, kadiria lumeni 150 kwa kila mita ya mraba, yaani 3,000. Balbu nne za kahawia zitakupa 1,200, na hapo hatujatoa kinachomezwa na kofia, kuta za rangi nzito na sakafu ya mbao. Hizo ni balbu za mandhari. Kwa taa kuu chukua kelvini 2700, na alama ya CRI, kipimo cha usahihi wa rangi chenye kilele cha 100, ifike 90 ukiweza, kwa sababu ndiyo inayofanya ngozi za watu na rangi za vitambaa zionekane zilivyo.

Ukitaka dima, hakikisha balbu imeandikwa kwamba inakubali kupunguzwa, na dima iwe ya LED. Dima nyingi za zamani zilihitaji mzigo wa wati 40 au zaidi ndipo zifanye kazi sawasawa. Balbu nne za wati 4 ni wati 16 tu, ndiyo maana zinapepesa. Mara nyingi fundi hulaumu balbu, kumbe ni dima.

Kimo, uzito na waya

Mahali watu wanapopita, acha angalau mita 2.1 kutoka sakafuni hadi ukingo wa taa. Juu ya meza ndogo unaweza kushuka zaidi, ila kaa kwanza kwenye kila kochi uone kama taa haimkatizi mtu usoni au haizibi televisheni. Kwa upana, kofia iliyo juu ya meza hupendeza ikiwa kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza hiyo.

Taa yoyote yenye mwili wa chuma lazima iungwe na waya wa ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini), isipokuwa iwe na alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayoonyesha kwamba ina kinga maradufu. Ukifungua silingi rozi (kile kikombe cha darini zinapounganishwa nyaya za taa) ukakuta nyaya mbili tu, mwite fundi umeme kabla ya kununua taa ya chuma, usisubiri hadi baada. Na dari ya jipsamu isibebeshwe taa nzito peke yake: skrubu zishike mbao au fremu iliyo nyuma yake, au zege lenyewe.

Ukipata taa halisi ya zamani iliyotolewa kiwandani, ina uzuri ambao nakala mpya haiufikii, hasa enameli yake. Lakini nyaya zake za mpira hukakamaa na kupasuka, nyingine zilifungwa kwa asbesto, na rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Usiikwangue nyumbani. Mpe fundi aondoe nyaya zote na holda, aweke mpya, ndipo uiwashe.

Na kabla hujatoboa dari, fanya jaribio la usiku mmoja. Chukua waya mrefu wenye holda na plagi, na balbu ya LED unayokusudia kutumia. Mwombe mtu asimame kwenye ngazi aushike pale taa itakapokaa. Kwa dakika chache, izungushie balbu karatasi ya manila kwa umbo la kofia, isiiguse, kisha iondoe. Kaa kwenye kochi, kaa kwenye stuli, simama mlangoni, mtazame usoni mwenzako aliyekaa mkabala nawe. Mwambie aliye kwenye ngazi ashushe kidogo, apandishe kidogo. Pale nyuso zinapoonekana vizuri na balbu haikuchomi, tia alama ya penseli kwenye waya, upime kutoka darini hadi kwenye alama, na kipimo hicho umpe fundi.